Kitabu kwanza au tamthilia kwanza? A Game of Thrones kwa anayetaka kuanza leo

Waulize wasomaji waliokuwa na riwaya hii mkononi kabla ya Aprili 2011, HBO ilipoanza kurusha tamthilia yake, nao watakupa majibu yasiyopatana. Wapo wanaoapa kwamba hakuna riwaya ya fantasia iliyowahi kupata bahati kama hiyo kwenye televisheni. Wapo wanaosema kilichorushwa kilikuwa mwili wa hadithi bila roho yake. Na wapo wengi wanaokubali yote mawili, kutegemea unawauliza kuhusu msimu upi.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mimi nilianza na kitabu, na nasema mapema ili ujue ngoma yangu imewambwa upande gani. Lakini yote mawili nimeyarudia zaidi ya mara moja, na naona ugomvi wa wasomaji hawa una faida kwa mtu anayeanza, kwa sababu wanachogombania hasa ni mambo yale yale unayopaswa kuyajua kabla hujachagua. Sitataja nani anakufa. Bado wapo wasiojua, na wana haki ya kushtuka kama tulivyoshtuka sisi.

Majina kwanza, maana yanachanganya. A Game of Thrones ni kitabu cha kwanza tu, kilichotoka Agosti 1996. Mfululizo mzima wa George R. R. Martin unaitwa A Song of Ice and Fire, na hadi sasa una vitabu vitano: baada ya hicho cha kwanza vikaja A Clash of Kings (1998), A Storm of Swords (2000), A Feast for Crows (2005) na A Dance with Dragons (2011). Tamthilia ililichukua jina la kitabu cha kwanza, ikaondoa herufi A ya mwanzo, ikalitumia kwa misimu yote minane. Kwa hiyo mtu akikwambia ameisoma Game of Thrones, muulize amesoma kimoja au vyote. Nawe ukinunua, angalia jalada: kuna matoleo ya Uingereza yaliyokigawa kitabu cha tatu na cha tano kila kimoja mara mbili, na ni rahisi kubeba nusu ukidhani umebeba kizima.

Ulinganisho wa haki ni kati ya kitabu cha kwanza na msimu wa kwanza. Msimu huo una sehemu 10 na unakifuata kitabu kwa ukaribu kuliko msimu mwingine wowote. Hata sehemu ya nane iliandikwa na Martin mwenyewe. Kama wasomaji waligawanyika hata hapo, tamthilia ilipokuwa tiifu kabisa, basi ugomvi una mzizi wa ndani zaidi kuliko kubadilisha hiki na kukata kile.

Macho manane

Kitabu kina utangulizi na sura 72. Kila sura imepewa jina la mtu mmoja: Bran, Catelyn, Daenerys, Eddard, Jon, Arya, Tyrion au Sansa. Ni hao wanane tu. Ukiwa kwenye sura ya Bran unajua anachokijua mtoto wa miaka saba, unaogopa anachokiogopa, na akikosea unakosea naye. Mfalme hana sura yake. Malkia hana. Varys anayekusanya siri za watu hana, wala Littlefinger anayeshika hazina ya ufalme. Hao unawaona kwa nje tu, wakiingia na kutoka, na maneno yao unayapima kwa akili ya yule aliyekuazima macho.

Tazama mbinu hiyo inavyofanya kazi kwa dada wawili. Sansa ana miaka 11 na amekulia kwenye nyimbo za mashujaa, hivyo akimtazama mwana wa mfalme anaona nywele za dhahabu na adabu za hadithini. Arya ana miaka 9. Anamtazama kijana huyo huyo na kuona mwonevu. Martin hasemi nani kati yao anaona sawasawa. Anakuhamisha tu kutoka jicho hadi jicho, na wewe ndiye unayeachiwa kazi ya kuamua nani umwamini.

Eddard, ambaye karibu kila mtu humwita Ned, ndiye mtego mkubwa. Ana sura 15, nyingi kuliko mhusika mwingine yeyote katika kitabu. Ni mtu mwaminifu, na mwaminifu huchelewa kuutambua uongo kwa sababu yeye mwenyewe asingeusema. Ukishakaa kichwani mwake kwa mamia ya kurasa, unaanza kuamini kwamba dunia inaendeshwa kwa kanuni zake: ukisema kweli utasikilizwa, ukimwonyesha adui huruma atakushukuru. Nilipofika karibu na mwisho nilikuwa nimeamini kabisa, na kitabu kikanifunza nilichofunzwa. Nimekaa na wasomaji wengi wa kitabu hiki, na kila mmoja anakumbuka alikuwa ameketi wapi aliposoma zile sura.

Kamera haina kichwa cha kuingia. Waandaaji wa tamthilia, David Benioff na D. B. Weiss, hawakutaka sauti ya msimulizi itakayotueleza Ned anawaza nini, na nadhani walifanya vizuri. Lakini walilipia gharama ya uamuzi huo mapema sana. Sehemu ya majaribio ilipigwa mwaka 2009. Wakawaonyesha marafiki zao, na marafiki wakaimaliza bila kutambua kwamba Malkia Cersei na Jaime, mlinzi wa mfalme, ni ndugu, tena mapacha. Kwenye kitabu unaambiwa jambo hilo kwa sentensi moja na hulisahau tena. Kwenye skrini, watu wawili wenye nywele za njano ni watu wawili wenye nywele za njano mpaka mtu aseme kitu. Sehemu hiyo karibu yote ikapigwa upya, na nafasi za Daenerys na Catelyn zikapewa waigizaji wapya, Emilia Clarke na Michelle Fairley.

Mlango uliofungwa na mlango uliofunguliwa

Sasa lije jambo linalowagawa wasomaji kuliko yote, ingawa wengi hulieleza kwa njia ya mbali, wakilalamikia mavazi au nywele.

Kwa kuwa tamthilia haikuweza kuingia vichwani, ilifungua milango. Katika sehemu ya tano kuna mazungumzo kati ya Mfalme Robert na Malkia Cersei, wawili peke yao na divai, wakizungumza kuhusu ndoa yao iliyokufa. Hayamo kitabuni. Hayawezi kuwamo, maana hakuna hata mmoja kati ya wale wanane aliyekuwa ndani ya chumba hicho. Chanzo chake ni cha kawaida tu: sehemu kadhaa za msimu wa kwanza zilitoka fupi mno, fedha hazikuwepo za kupiga matukio makubwa, basi wakaandika mazungumzo ya watu wawili ndani ya chumba, maana hayo hayagharimu kitu. Katika shida hiyo wakapata dakika ambazo hata wasomaji wagumu kabisa huzisifu. Robert wa kitabuni ni mlevi anayeonekana kwa huzuni ya rafiki yake. Robert wa skrini, kwa dakika zile chache, ni mtu aliyeulizwa na mkewe kama kulikuwa na namna yoyote wao wawili wangeweza kupendana, akajibu.

Kundi la kwanza la wasomaji linasema: hapa tamthilia ilikizidi kitabu. Kundi la pili linasema: hapa ndipo ilipokiharibu. Na kundi la pili nalo lina hoja. Cersei katika kitabu cha kwanza anaonekana kwa macho ya watu wengine pekee, wengi wao maadui zake. Hupewi sababu ya kumhurumia. Sura zake mwenyewe zinakuja katika kitabu cha nne, na kufikia hapo umekwisha kumhukumu kwa muda mrefu kiasi kwamba kuingia kichwani mwake kunatisha. Tamthilia inamhurumia tangu sehemu ya pili, anapokaa na Catelyn, mke wa Ned, na kumsimulia mtoto aliyempoteza. Pale wasomaji wengi walisimama, maana kitabuni historia yake na Robert kuhusu watoto ni tofauti kabisa na ni ya uchungu wa aina nyingine. Wakauliza: huyu ni Cersei yupi?

Hukumu yangu ni kwamba Cersei wa skrini ni mhusika mzuri na mazungumzo yale ni kazi ya ustadi, lakini kila mlango unaofunguliwa unapunguza shaka, na shaka ndiyo inayokifanya kitabu cha kwanza kuwa na nguvu. Ukiwaona Varys na Littlefinger wakiviziana peke yao chumbani, tayari unajua zaidi ya Ned. Unamhurumia Ned ukiwa juu, umekaa mahali salama. Kitabuni hakuna mahali salama pa kukaa.

Yaliyobaki kitabuni

Kuna kupoteza kumoja ambako hata wapenzi wa tamthilia hukiri. Ned wa kitabuni anaishi na kumbukumbu. Vita vilivyomweka Robert kwenye kiti cha enzi vilipiganwa miaka kama 15 kabla hadithi haijaanza, na Ned hawezi kuwaza jambo lolote bila vita hivyo kumrudia: dada yake akiwa kitandani, harufu ya damu na mawaridi, ahadi aliyomwahidi. Kuna ndoto moja, akiwa na homa, ya mnara na wapanda farasi, ambayo wasomaji waliichambua neno kwa neno kwa miaka mingi. Msimu wa kwanza uliacha karibu yote hayo. Ndoto ile ilikuja kuonyeshwa mwaka 2016, katika msimu wa sita, kwa njia nyingine na kupitia macho ya mtu mwingine.

Faida ya kusoma kwanza inaonekana hapa kuliko mahali pengine. Kitabu kinauliza tangu kurasa za mwanzo: mama yake Jon, mwana wa nje ya ndoa anayelelewa na Ned, ni nani? Na vidokezo kinakupa, vidogo vidogo, vimetawanywa katika sura za Ned kama punje zilizomwagika njiani. Benioff na Weiss walipokwenda kumwomba Martin ruhusa ya kuigeuza riwaya yake, aliwauliza swali hilo hilo, na jibu lao likawa moja ya sababu za kuwaamini. Ukisoma unapewa nafasi ya kulijibu wewe mwenyewe. Ukitazama utapewa jibu, miaka mitano ya tamthilia baadaye, likiwa limepikwa na kuandaliwa.

Kiti cha enzi chenyewe ni mfano mwingine. Picha ambayo dunia nzima inaijua, kiti cha mapanga kinachomtosha mtu mmoja, ni ya tamthilia. Cha kitabuni ni jitu la chuma: kinapaa juu ya ukumbi, hakina umbo, ngazi zake ni kali, na anayekikalia hukatwa na makali yake. Martin amesema wazi kwamba cha televisheni si kile alichokiona yeye. Ni jambo dogo, lakini likueleze tofauti ya mizani. Kitabu hakikuwa na bajeti.

Tena hiyo haikuwa bahati mbaya. Martin aliandikia televisheni miaka ya 1980, na kila mara aliambiwa skripti zake ni ndefu mno na ghali mno: punguza watu, punguza farasi, punguza vita. Aliporudi kwenye riwaya aliamua kutopunguza kitu. Mtu aliyeandika hivyo kwa makusudi, akapelekwa tena televisheni, lazima kitu kikatwe. Vita kubwa ambayo Tyrion anaipigana kitabuni akiwa mstari wa mbele, msimu wa kwanza unampiga kichwani kabla haijaanza na kumwamsha ikiwa imekwisha. Mbwamwitu wakubwa wa watoto wa Stark, yaani watoto wa Ned, ambao kitabuni ni nusu ya nafsi za watoto hao, kwenye msimu wa kwanza walikuwa mbwa halisi wa kufunzwa na wanaonekana mara chache. Wasomaji walioudhika kwa ajili ya mbwamwitu nawaelewa kuliko walioudhika kwa ajili ya vita. Vita unaweza kuisimulia baada ya kwisha. Uhusiano wa mtoto na mnyama wake unahitaji siku nyingi za pamoja, na siku hizo zilikatwa.

Umri wa watoto

Daenerys wa kitabuni ana miaka 13. Robb, mwana mkubwa wa Ned, na Jon wana 14. Bran ana saba. Tamthilia iliwaongezea wote, Robb na Jon wakafika 17, Bran 10, Arya 11, na vita vilivyopita vikasogezwa nyuma hadi miaka 17 ili hesabu ikubali. Wasomaji wengi walikubali bila neno, na mimi ni mmoja wao. Mtoto wa miaka 14 anayeongoza jeshi ni jambo ambalo ukurasa unaweza kulibeba kwa sababu husahau uso wake. Kamera haikuruhusu kusahau.

Lakini kuna sehemu moja ambayo kuongeza umri hakukuleta amani. Ndoa ya Daenerys, aliyeuzwa na kaka yake kwa mkuu wa wapanda farasi, ni ngumu kuisoma na ni ngumu kuitazama. Kitabu kinamfanya mtoto kabisa, kisha kinaandika usiku wa harusi ambamo anaulizwa kama anakubali, jambo linalowasumbua wasomaji wengi, na nadhani ni haki lisumbue. Tamthilia ikamfanya mkubwa kidogo, ikaondoa kuulizwa, ikaweka nguvu tupu. Wapo wanaosema tamthilia ilikuwa mkweli zaidi kuhusu ndoa ya namna hiyo. Wapo wanaosema ilimnyang'anya hata kile kidogo alichokuwa nacho. Sina jibu la kuwapatanisha. Ninachoweza kumwambia anayechagua ni kwamba hakuna njia laini kati ya hizi mbili, na hadithi hii kwa vyovyote vile si ya watoto. Tamthilia ina uchi mwingi, mwingine umeongezwa bila kuwemo kitabuni, na mara kadhaa mhusika anaeleza siasa za ufalme huku nyuma yake kukiwa na danguro. Kama hayo yanakukwaza, kitabu kina mabaya yake lakini hakikulazimishi kuyakodolea macho.

Walichokubaliana wote

Peter Dinklage. Tyrion wa kitabuni ana jicho moja la kijani na jingine jeusi, nywele karibu nyeupe, na uso ambao Martin hauonei huruma. Dinklage hafanani na maelezo hayo. Hata hivyo sijakutana na msomaji anayetaka Tyrion mwingine. Tuzo ya Emmy aliyoipata mwaka 2011 haikumshangaza mtu. Ukisoma baada ya kutazama, sauti yake ndiyo utakayoisikia, na haitakudhuru.

Pia lugha ya Wadothraki, wale wapanda farasi ambao Daenerys anaozwa kwa mkuu wao. Martin aliandika maneno machache tu. HBO ilimpa kazi hiyo mwanaisimu David J. Peterson, naye akaijenga lugha nzima yenye sarufi, na ghafla watu waliokuwa kelele za mbali kitabuni wakawa na usemi. Muziki wa Ramin Djawadi sina haja ya kuueleza. Na ile ramani ya mwanzo wa kila sehemu, inayobadilika kulingana na mahali hadithi inapokwenda, ni msaada wa kweli: kitabu kina ramani pia, lakini utalazimika kuifunua mwenyewe mara hamsini.

Uzito wa kukisoma

Msimu wa kwanza unachukua chini ya saa 11. Kitabu kwa sauti, kilichosomwa na Roy Dotrice, kinazidi saa 30. Dotrice aliingia katika rekodi za Guinness kwa kumpa sauti yake kila mmoja wa wahusika 224. Namba hiyo peke yake ikuonye. Nyuma ya kitabu kuna orodha ya nyumba za kifalme na watu wake, na utaihitaji.

Kwa msomaji ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, ugumu hauko kwenye sentensi. Sentensi za Martin ni nyoofu. Ugumu uko kwenye msamiati wa ngome, silaha, farasi na mavazi, na kwenye karamu zinazoelezwa sahani kwa sahani. Usisimame kwenye kila neno. Ukijua kwamba ni kipande cha vazi la vita, inatosha, endelea. Wengi ninaowajua walioshindwa walishindwa katika sura kumi za mwanzo, wakijaribu kukariri majina. Majina yenyewe yatakurudia. Wasio muhimu watajipotea wenyewe.

Baada ya kitabu cha kwanza

Hapa ulinganisho unabadilika. Misimu minne ya kwanza inavifuata vitabu vitatu vya mwanzo, na juu ya hiyo wasomaji waligombana kama ndugu. Juni 2013, harusi moja ya msimu wa tatu iliporushwa, wasomaji waliojua kinachokuja waliwarekodi jamaa zao wakiitazama. Ilikuwa furaha ya pamoja ya ajabu, walioujua msiba wakiwangoja wasioujua. Kuanzia msimu wa tano mwaka 2015 tamthilia ilianza kuacha wahusika na njia nzima za kitabu cha nne na cha tano. Mwaka 2016 ikakipita kitabu cha tano kabisa, na tangu hapo haikuwa na maandishi ya kufuata ila muhtasari wa Martin kuhusu hatima ya baadhi ya watu.

Msimu wa mwisho ulirushwa kati ya Aprili na Mei 2019, sehemu sita. Zaidi ya watu milioni moja walitia saini ombi la kutaka uandikwe upya na waandishi wengine. Mwaka huo huo ukapata Emmy ya tamthilia bora. Mgawanyiko hauonekani wazi zaidi ya hapo.

Mimi niko na wale milioni kwa sehemu tu. Mahali hadithi ilipofika naweza kuamini kwamba ndipo ilipokuwa ikienda. Njia iliyotumika kufika, misimu ya mwisho yenye sehemu saba na sita badala ya 10, safari za mwezi zikawa za dakika, hiyo siwezi kuitetea. Watu waliozoea kitabu ambacho kila kosa lina gharama na kila safari ina njaa na matope, waliona kanuni hizo zikivunjwa na ndiyo maana walikasirika zaidi ya watazamaji wa kawaida.

Lakini kitabu nacho kina deni. Cha sita, The Winds of Winter, kimesubiriwa tangu 2011, na cha saba kinapaswa kukifuata. Ukichagua kitabu unachagua hadithi isiyo na mwisho. Usijidanganye kuhusu hilo. Nimeona wasomaji wakiwaambia wageni "soma tu, mwisho utakuja," na huo si ushauri wa haki.

Basi wewe uko wapi?

Kama unachotafuta ni hadithi iliyokamilika, yenye mwanzo na mwisho ndani ya miezi michache, tazama tamthilia, na uingie misimu miwili ya mwisho ukiwa umeshusha matarajio. Ina sehemu 73 kwa jumla. Hutakuwa umekosea, na msomaji anayekudharau kwa hilo mwache.

Kama majina mengi hukuchosha lakini unapenda kusoma, tazama sehemu mbili za kwanza za msimu wa kwanza, upate nyuso, kisha zima na ufungue kitabu. Usizidi hapo. Kuanzia sehemu ya tatu milango inaanza kufunguliwa na utaanza kujua usichopaswa kujua bado.

Kama ulishatazama zamani na unajiuliza kama kuna haja ya kusoma sasa, ipo, na pengine wewe ndiwe msomaji mwenye bahati kuliko unavyodhani. Anayesimuliwa habari za Fumo Liyongo anajua tangu mwanzo kuhusu sindano ya shaba na mwana atakayemsaliti baba yake, na bado hukaa kusikiliza, kwa sababu anataka kuona shujaa anavyoikaribia siku yake bila kuijua. Sura za Ned zinasomeka hivyo hivyo. Ukizijua zinakoelekea utaona kila mahali alipoweza kugeuka, na utatamani kumshika mkono. Tena utazikuta zile kumbukumbu na ile ndoto, ambazo kwako zitakuwa mpya.

Na kama hujui chochote, hujatazama, hujasimuliwa, hakuna aliyekuharibia, basi nakusihi: kitabu kwanza. Kitabu kimoja tu, hadi ukurasa wa mwisho, kisha msimu wa kwanza, kisha uamue kama unaendelea na kwa njia ipi. Soma utangulizi na sura tano za mwanzo kwa mkao mmoja kama unaweza. Zinakupeleka nje ya Ukuta, kwenye theluji pale watoto wanapowaokota mbwamwitu, kwenye bustani ya Ned, kisha ng'ambo ya bahari kwa Daenerys. Ukifika mwisho wa sura ya tano na hujali hata mmoja wao atakuwaje, kiweke chini na uende kwenye tamthilia bila majuto. Ukijali, zima simu, na mtu akitaka kukueleza kilichotokea katika sehemu ya tisa, mwambie anyamaze.